Hatari Iliyozoeleka

Anayepanda kwenda Kirua Vunjo, mkoani Kilimanjaro, kutoka Uchira, akaiacha nyuma barabara kuu iendayo Himo pamoja na joto la tambarare ya Kahe, akakwea baina ya migomba na mibuni mpaka akaukaribia msitu wa hifadhi, hupita katika nchi ambayo kila shibiri yake ina mwenyewe: kihamba hiki ni cha ukoo fulani, mpaka wake umepandwa masale, na wazee walioulima wamezikwa humo humo chini ya migomba yao. Lakini baina ya kihamba na kihamba viko vitu visivyo vya mtu mmoja, kama vile njia, mfongo wa maji, daraja la magogo, uwanja wa soko, na lile shimo lililochimbwa moramu wakati barabara ilipokuwa ikitengenezwa, kisha mafundi wakaondoka na greda lao wakaliacha wazi. Ni katika vitu hivi vya watu wote ndimo watoto wanamopatwa na madhara, na ni juu ya vitu hivi hivi ndipo watu wazima, ambao kwa jambo la mpaka wa kihamba huweza kusema mchana kutwa, huingiwa na ububu.

Neno linalotuziba kinywa kwanza ni lile lisemwalo katika kila msiba, kwamba ajali haina kinga. Mfiwa huliwazwa kwa neno hilo, wala si vibaya, maana saa ya matanga si saa ya kuhesabiana makosa. Ubaya ni kwamba faraja iliyowekwa kwa ajili ya msiba tumeitoa msibani tukaifanya kanuni ya kuendeshea mambo yetu, hata mtu akipita penye shimo hulitazama kana kwamba limeandikwa katika kadara pamoja na majina ya watakaotumbukia. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa kubwa juu ya majeraha ya watoto, na humo walieleza ya kwamba kila siku watoto zaidi ya 2,000 ulimwenguni hufa kwa ajali, na kwamba 1,000 kati yao, kwa uchache, wangaliokolewa lau njia zinazojulikana na zilizokwisha kujaribiwa zingetumiwa kila mahali. Ajali tano zilitajwa kuwa ndizo kubwa: za barabarani, za maji, za moto, za kuanguka na za sumu; na Afrika ndilo bara lililoonekana kuwa na vifo hivyo kwa wingi zaidi kuliko mabara mengine yote, ukilinganisha na hesabu ya watoto wake. Ikiwa karibu nusu ya msiba huzuilika kwa kifuniko, kwa uzio, kwa tuta la barabarani na kwa jicho la mtu mzima, basi kuuita msiba huo wote kadara ni kumsingizia Mola mambo tuliyoyaacha sisi wenyewe.

Wala dini hazikutuachia njia hiyo. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, inamhukumu mtu aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia, alipe thamani ya mnyama huyo. Na katika Kumbukumbu la Torati anayejenga nyumba ya sakafu juu anaamriwa aizungushie ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Waislamu nao wamefundishwa na Mtume wao kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi mojawapo la imani. Ikiwa punda alitungiwa sheria, sembuse mtoto wa mtu.

Lakini kwa nini mahali ambapo mtu mzima hupita salama miaka na miaka, mtoto huangamia kwa dakika chache? Jawabu limo katika umbo lake na katika akili yake, na yafaa kila mtu alijue, kwa kuwa asiyelijua hawezi kuiona hatari hata akiitazama. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili ana kichwa kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinama juu ya ndoo au ukingo wa dimbwi hutangulia kichwa, na mikono yake haina nguvu za kumwinua, hata maji yasiyofika goti la mtu mzima yakamtosha. Tena hapigi kelele. Wengi wetu tunadhani kwamba anayezama hulia na kurusharusha maji, ilhali aghalabu mtoto mdogo huzama kimya, na mama aliye hatua kumi kutoka hapo hasikii kitu. Barabarani nako, mtoto wa miaka sita au saba huwa amejificha bila kukusudia nyuma ya gari la Noah lililosimama kushusha abiria, dereva anayekuja hamwoni, naye kwa kimo chake haioni gari; na hata akiiona, akili yake bado haijakomaa kupima mwendo wa chombo kinachomjia na umbali uliobaki. Kumwambia awe mwangalifu ni wajibu, lakini kumtegemea awe mwangalifu ni kumtwika mzigo ambao maumbile hayajampa mabega ya kuubeba.

Tutazame kwa karibu kitu kimoja ambacho kila mtu wa mlimani anakijua, nacho ni mfongo. Mifongo ilichimbwa kwa mikono tangu zamani sana, ikayatoa maji katika mabonde ya mito yenye kingo za kutisha, ikayapitisha ubavuni mwa vilima kwa mteremko mdogo mno ambao fundi aliupima kwa macho tu, na wasafiri wa Ulaya waliofika Uchagani katika karne ya 19 waliistaajabia. Maji yake asubuhi moja huwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na watoto huyachezea wakitia vijiti na maganda ya migomba yaende kama mashua. Lakini juu, mahali ambapo mtoto hapaoni, ipo nduwa, yaani bwawa dogo la udongo linalokusanya maji usiku kucha ili yapatikane ya kutosha kumwagilia mchana; na mwenye zamu anapoizibua, maji yale yaliyokuwa yakitambaa hushuka kwa kishindo, yakajaza mfongo mpaka ukingoni kabla mtoto hajainua kichwa. Nduwa yenyewe ni hatari zaidi, kwa kuwa kingo zake ni utelezi, matope ya chini hushika miguu, na majani yaliyoota pembeni huyafanya maji yaonekane kama uwanja. Watu wote wa mtaa wanajua nduwa iko wapi na wanajua kwamba watoto hupita hapo wakienda shule. Hawakuwahi kukutana wakaulizana miti michache ya kuzungushia ua ingewapunguzia nini.

Na hapa ndipo penye jambo la kusikitisha, kwani mifongo hiyo hiyo ndiyo iliyowafundisha Wachaga utaratibu mzuri kabisa wa kuona na kusema. Kila mfongo ulikuwa na wazee wake. Ukingo ulipobomoka, aliyeona kwanza hakuruhusiwa kupita akanyamaza. Sauti ilipigwa kutoka kilimani, wenye haki ya maji wakatoka na majembe, na asiyetokea bila udhuru alitozwa. Hakuna aliyesema kwamba ubomokaji si wake kwa sababu haukutokea penye kihamba chake, maana kila mtu alijua kwamba maji yakipotea juu, wa chini watakauka. Desturi hiyo haijafa. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ungali ukiitwa, watu wangali wakitoka kufyeka njia na kuzibua mitaro, na matangazo baada ya ibada ya Jumapili yangali yakiwafikia watu wengi kuliko barua ya serikali. Kinachokosekana ni kuuingiza usalama wa mtoto katika mambo yanayopigiwa sauti kilimani.

Ububu wetu una sababu, na asiyezitafuta atawalaumu watu bure. Mwaka 1968 wanazuoni wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo. Waliwaketisha chumbani wakijaza fomu, kisha moshi ukaanza kuingizwa kupitia tundu la ukutani. Miongoni mwa walioketi peke yao, robo tatu walitoka kwenda kutoa habari. Lakini wale walioketi pamoja na watu wawili waliokwisha agizwa wajifanye hawaoni kitu, mmoja tu katika kumi ndiye aliyeinuka, waliosalia wakaendelea kuandika huku wakikohoa na kufikicha macho. Hawakuwa waovu. Kila mmoja aliwatazama wenzake, akawaona wametulia, akahukumu kwamba kama kungekuwa na hatari wangeshtuka. Basi fikiri uwanja wa soko wenye watu mia tatu, na katikati ya njia chemba isiyo na kifuniko: mia tatu wanaikwepa, kila mmoja akiuona utulivu wa wenzake kuwa ni ushahidi, na mtoto anayemfuata mama yake huku akitazama maandazi ndiye wa kwanza asiyeikwepa.

Kwetu ziko sababu nyingine ambazo chuo cha Marekani hakikuzipima. Ya kwanza ni heshima: mwenye shimo ni mjomba, au ni mzee wa kanisa, au ni mtu aliyenisaidia ada ya mtoto, na kumwambia kwamba ameacha hatari wazi kwaonekana kama kumvunjia adabu mbele za watu. Ya pili ni kuogopa kuambiwa ninaingilia yasiyonihusu. Ya tatu hutajwa kwa nadra, lakini nadhani ndiyo yenye nguvu zaidi vijijini, nayo ni hofu ya kuchuria. Mtu akisema leo kwamba mtoto ataanguka pale, na kesho mtoto akaanguka, wako watakaouliza alijuaje. Na kwa kuwa hakuna anayetaka jina lake litajwe katika maswali ya namna hiyo, mtu huona salama yake imo katika kimya. Hofu hii haiondolewi kwa kumcheka anayeishika. Yaelekea huondoka maneno yanapotoka kwa wengi badala ya mmoja, na yanaposemwa juu ya kitu badala ya kusemwa juu ya mtoto: badala ya kunena kwamba mwanao atakufa, mtu anene kwamba ubao wa tatu wa daraja umeoza na waweza kukatika.

Mahali penye halaiki ya watu patazamwe peke yake, kwa maana huko hatari haiko katika kitu kimoja kinachoonekana. Mji wa Moshi hauwezi kuisahau tarehe 1 Februari 2020, siku ambayo katika uwanja wa Majengo waumini waliokuja kuombewa walisongamana kukimbilia mahali palipomwagwa mafuta ya upako, na watu 20 wakapoteza maisha, wakiwamo watoto. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Februari, katika Shule ya Msingi ya Kakamega nchini Kenya, wanafunzi waliokuwa wakitoka kwenda nyumbani jioni walibanana penye ngazi, na zaidi ya kumi wakafa. Miaka mingi kabla ya hapo, tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walifia katika ukumbi wa disko mjini Tabora ambamo walikuwa wamejazwa kupita kiasi. Ukiyatazama mambo haya matatu, moja la ibada, moja la shule na moja la sikukuu, huoni uovu wa mtu aliyekusudia kuua. Waonekana tu wingi wa watu kushinda nafasi na milango. Mtu aliyebanwa hafi kwa kukanyagwa peke yake, bali kifua chake hukosa nafasi ya kutanuka avute pumzi, na mtoto, ambaye uso wake uko kwenye usawa wa viuno vya watu wazima, hukosa hewa kabla ya mwingine yeyote.

Kwa hiyo mwenye kuingia na mtoto mahali penye umati, yawe ni mahubiri au mpira au sherehe ya shule, aangalie kwanza milango iko mingapi, inafunguka upande gani, na je, imefungwa kwa kufuli ili watu walipe mlango mmoja. Akiona watu wanazidi kuingia ilhali hakuna wanaotoka, huo ndio wakati wa kumtafuta msimamizi na kumwambia, na asiposikia, kumchukua mtoto na kuondoka kabla ya kilele cha shughuli. Vivyo hivyo mzazi anayempeleka mtoto bweni ana haki ya kuomba aoneshwe anakolala, akatazame kama madirisha yana nondo zisizofunguka na kama mlango mmoja tu ndio tegemeo la watoto wote usiku. Mkoa wa Kilimanjaro una kumbukumbu yake: mwezi Juni 1994 moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, na wasichana wapatao arobaini walifariki. Mzazi anayeuliza juu ya mlango wa pili haombi hisani, na mwalimu mwenye busara humshukuru.

Tuje kwenye barabara, ambayo Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa ndiyo inayoua zaidi vijana na watoto wa umri wa kuanzia miaka mitano hadi 29. Pale Uchira mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Arusha hupita katikati ya watu, na kutoka hapo bodaboda hupanda milimani zikiwa zimepakia watoto watatu au wanne wa shule, mkubwa akimshikilia mdogo. Ni jambo la kustaajabisha, maana madereva wenyewe wana desturi njema sana ya kutahadharishana: lori likiharibika, tandiboi hukata matawi akayapanga barabarani tangu mbali, na kila ajaye hupunguza mwendo bila kuuliza. Hakuna askari aliyewafundisha, nao hawangoji kibali. Desturi ile ile ya tawi ingeweza kuwekwa penye kalavati lililobomoka njia ya shule, au penye waya wa umeme ulioanguka, huku mtu akisimama kuwazuia watoto mpaka TANESCO wafike.

Wako pia walioonesha kwamba barabara hutengenezeka. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilikwenda katika shule za msingi ambazo watoto wake waligongwa mara kwa mara, likauliza wanafunzi wanapita wapi, likatazama, kisha likafanya mambo yasiyo ya gharama kubwa: matuta, vivuko vilivyopakwa rangi, njia ya waendao kwa miguu iliyotengwa kwa vizuizi, vibao vya mwendo, na pengine lango la shule kuhamishiwa upande usio na barabara kuu. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019, na faida yake ilipimwa, kwani majeruhi walipungua penye shule zilizohudumiwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi ilianza kwa kuwauliza watoto. Mtoto anayekwenda shule kila siku anaijua njia kuliko diwani. Anajua mbwa yuko wapi, pikipiki hukata kona wapi, na ubao gani wa daraja hucheza. Mwalimu akiwapa darasa la nne kazi ya kuchora njia ya kuja shule na kutia alama mahali wanapoogopa, atapata kwa nusu saa ramani ambayo kamati nzima haina.

Basi ukiona, useme vipi? La kwanza ni mtoto mwenyewe: akiwa hatarini sasa hivi, mshike umwondoe, awe wako au si wako, kisha ndipo maneno yafuate. La pili ni kupaziba au kupatia alama mahali hapo kwa chochote kilicho karibu, jiwe, tawi, gogo, ili saa zilizobaki kabla ya matengenezo zisipite wazi. Ndipo umwendee mwenye kitu hicho, faraghani, kwa salamu na taadhima. Shikamoo baba, nimepita penye shimo lako la maji taka, naona magogo ya juu yamelegea, na watoto wa shule hukatiza hapo wakienda bombani, je, jioni nije na vijana wangu tulifunike? Maneno ya namna hii hayamwachi mtu nafasi ya kukasirika, kwa sababu yamemtajia mahali, yamemtajia kasoro, na yamemletea mikono. Wachaga wana jani la isale kwa ajili ya kuombana radhi na kupatana, na roho ya jani hilo ndiyo itakiwayo katika nasaha: anayeonya aje kama mpatanishi, asije kama mshitaki.

Ikiwa mwenyewe hakusikia, au kitu hakina mwenyewe, iko ngazi ya kupanda. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye wa kwanza, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata. Barabara za vijijini zimo mikononi mwa wakala wa TARURA tangu ulipoanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu ni za TANROADS, basi kulalamika kwa mmoja juu ya barabara ya mwenziwe ni kupoteza siku. Anayesema kwa mdomo na aandike pia, japo mistari mitatu, akitia tarehe na kubaki na nakala, kwa kuwa karatasi yenye tarehe humkumbusha kiongozi kwa namna ambayo mazungumzo ya njiani hayawezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na imemtaka mtu yeyote katika jamii mwenye habari za kuvunjwa kwa haki za mtoto azifikishe kwa serikali hiyo. Simu 116 ni ya watoto nchi nzima, bila malipo, na mtu mzima anaweza kuipiga kwa niaba ya mtoto. 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. 112 ni ya polisi. Namba hizi zafaa ziandikwe ukutani dukani na kwenye mlango wa shule, kwa maandishi makubwa, maana wakati wa fadhaa hakuna anayezikumbuka.

Nimeuacha mwisho mwezi wa Disemba, kwa sababu kwa Kirua na Uchaga wote ndio mwezi wenye furaha kubwa na hatari kubwa kwa pamoja. Watoto waliozaliwa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha huletwa kwa bibi na babu, vihamba hujaa vicheko, na magari yasiyojua njia nyembamba za mlimani hupandana usiku na mchana. Mtoto wa mjini anajua gari lakini hajui nduwa. Katika dimbwi lililofunikwa na majani mabichi haoni ila uwanja wa kukimbilia. Mtoto wa mlimani anajua nduwa lakini hajazoea gari linalorudi nyuma uani, akainama nyuma ya gurudumu kuokota mpira wakati dereva anatazama kioo kisichomwonesha chochote kilicho chini ya kiuno. Choo cha zamani cha shimo, ambacho mwaka mzima kimetumiwa na mzee mmoja anayejua pa kukanyaga, ghafla hutumiwa na watoto kumi juu ya magogo yale yale. Mapipa ya mbege huchemshwa chini kwenye mafiga, karai la mafuta liko sakafuni, na sumu ya wadudu wa kahawa imemiminwa katika chupa ya soda iliyowekwa dirishani, penye nyumba ambayo leo kila chupa ya soda ni ya sikukuu. Bibi hawezi peke yake kuyaona haya, kwa kuwa ameishi nayo mpaka yamekuwa sehemu ya nyumba. Anayeweza kuyaona ni yule anayeingia kwa jicho jipya, naye ni mgeni aliyetoka mjini, ambaye kwa bahati mbaya siku ya kwanza hushughulika na mizigo na salamu, na siku ya tatu amekwisha yazoea kama wenyeji.

Sheria za serikali za mitaa zinataka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, ukutane angalau mara moja katika kila miezi mitatu. Kijiji kikiuweka mkutano wa mwisho wa mwaka mwanzoni mwa Novemba, kabla mabasi ya wageni hayajaanza kujaa, kutakuwa na majuma ya kutosha kuitisha msaragambo wa kuzungushia nduwa ua, kubadilisha mbao za madaraja, kufukia mashimo ya moramu yaliyo karibu na shule, na kuwaombea matuta wanafunzi wavukao barabara. Jambo hilo liandikwe katika ajenda kabla ya taarifa ya mapato na matumizi, na si baada yake, kwa sababu taarifa hiyo huchukua muda mrefu, na inapofika katikati akina mama wengi huwa wamekwisha ondoka kwenda kupika, ilhali wao ndio wanaojua ni mlango gani, ni daraja gani, na ni mtoto wa nani.